Mivukuto ya Muhenna

Nilifika Nizwa saa tatu, muhuri mkobani,
na barua ya mahakama: hesabu kila kitu.
Mimi ni mfilisi.
Kazi yangu huanza pale ya mwenzangu inapokwisha.

Duka la Muhenna bin Zahran, sonara,
lina mlango mmoja na bawaba zenye kikohozi.
Benki ya Ruwi inamdai.
Muuza fedha wa Matrah anamdai.
Mashine ya kuchonga, ile aliyoikopea,
imesimama pembeni ndani ya plastiki yake,
haijawahi kuwashwa.

Binti yake Thuwaiba anataja, mimi naandika.
Koleo, nne.
Nyundo, saba, moja haina mpini.
Hanjari tatu, mbili hazina ala.
Kikuku kimoja cha bibi harusi
ambaye hakurudi kukichukua.
Tunasemezana Kiswahili cha mama zetu,
kilichozaliwa Wete kikaja kuzeekea huku,
chini ya kiyoyozi.

Kisha akavuta kitu kutoka chini ya meza:
mfuko wa ngozi ya mbuzi, mkavu,
wenye mdomo wa shaba.
"Na mivukuto hii, utaiandika bei gani?"

Kalamu ikasimama.

Usiku nikikosa usingizi husoma kamusi,
na jambo hili nimelisoma mara nyingi
pasipo kuliona kwa macho.
Warumi, kwa Kilatini chao, mfuko kama huu
waliuita follis.
Ngozi iliyojaa upepo, basi.
Baadaye wakatia sarafu mfukoni, wakaufunga, wakaupiga lakiri,
mfuko ukawa hesabu,
na sarafu moja ya shaba, iliyopakwa fedha usoni kidogo tu,
ikarithi jina la mfuko mzima.
Jina likapita kwa Wagiriki, Waarabu wakalifupisha: fals,
na zikiwa nyingi, fulus.
Likatufikia sisi, tukalitilia irabu mwishoni
kama tunavyomvisha mgeni kanzu:
fulusi.

Na mtu aliyekuwa na dirhamu,
siku alipobakiwa na vishaba hivyo peke yake,
walisema amefilisika.
Yaani amefika kwenye fulusi.
Sikulielewa hilo mpaka niliposimama dukani mle,
mzee amekaa uani ametupa mgongo,
anakoroga kahawa isiyo na haja ya kukorogwa.
Mfilisi, mufilisi.
Irabu moja tu kati yangu naye.

Nilimweleza Thuwaiba. Sijui kwa nini.
Nikamwambia hata mpumbavu, kwa Kilatini cha mwisho mwisho,
aliitwa hivyo hivyo: mfuko, kichwa kimejaa upepo.
Akaitazama mashine ndani ya plastiki.
"Hilo usimwambie baba."

Halafu akasema:
"Mama alikuwa na samaki wake, fulusi.
Akitolewa majini anang'aa dhahabu tupu.
Ukimfikisha jikoni amekuwa kijivu.
Naye anatoka kwenye mfuko huo?"
Nikasema sijui. Kamusi imenyamaza hapo.
"Basi anatoka humo," akasema.

Akashika mipini miwili, akavukuta.
Ngozi ikapasuka upande,
ikatoka pumzi moja tu, ya vumbi na mkaa,
pumzi ya moto uliozimwa
kabla mimi sijaajiriwa.
Uani, kijiko kikaacha kukoroga.

Nimeandika orodha kwa miaka kumi na minne
bila kuongeza wala kupunguza baisa.
Siku ile niliandika:
Ngozi ya mbuzi, kuukuu, imechanika.
Thamani: hakuna.
Kisicho na thamani hakinadiwi.
Hubaki kwa mwenyewe.

Nilipiga muhuri. Thuwaiba alisoma kichwa chini,
kutoka upande wake wa meza, wala hakushukuru.
Nje kulikuwa na gari la mbuzi wa mnada wa Ijumaa,
wamefungwa kamba, mbavu zinapanda na kushuka,
zinajaa, zinatoka,
na mchuuzi ananiuliza, nikifungua mlango wa gari langu,
kama nina fulusi.